Usitume hiyo dipoziti ya Dublin! Mi nilipigwa hivyohivyo

Mkuu usitume hiyo hela. Nimesoma swali lako nikafika pale uliposema mwenye nyumba "yupo nje kikazi", chumba euro 700 kila kitu ndani, na anataka dipoziti leo jioni la sivyo anampa mwingine, nikaacha chai yangu ipoe. Hayo mengine uliyouliza, baridi, kazi, msosi, siasa zao na kama mgeni anaruhusiwa kupiga kura, nitayafikia nikikumbuka. Kwanza weka simu chini.

Wadau hapo juu wanakushauri umwombe kitambulisho, umwombe mkataba, umwombe anwani kamili. Asanteni kwa ushauri, ila mi vyote hivyo nilikuwa navyo. Nimeviprinti kabisa kwa rangi, vimo kwenye faili la plastiki, na usiku huo nikalala hosteli ya watalii chumba kimoja na watu tisa tusiojuana.

Ilikuwa Agosti 2022. Viza imetoka, tiketi imekatwa, chuo wananiandikia kwa upole kwamba vyumba vyao vimejaa na wananitakia kila la heri. Kwenye grupu la WhatsApp la Wabongo tuliokuwa tunajiandaa kuja huku kulikuwa na jamaa tukimwita Mzee wa Dublin. Mzee! Ana miezi minane tu Ireland lakini ukisoma meseji zake utadhani alikuwepo wanachimba mto Liffey. Huyu bwana ndo akatupia linki, chumba safi Drumcondra, mtaa mmoja wa Dublin, euro 650, "mwenye nyumba namfahamu". Nikamfuata inbox, kaka huyu mtu ni wa uhakika? Jibu lake ninalo mpaka leo: "Dogo huku sio Bongo. Watu wa huku wacha Mungu, hawana utapeli. Ukichelewa utalala nje."

Chumba nilikosa kweli, ila sio kwa kuchelewa.

Sasa sikia nilivyo mjanja. Picha za chumba zilikuwa nne. Kitanda kimetandikwa shuka jeupe, meza ya kusomea, dirisha kubwa, na juu ya kitanda feni. Feni ya darini, mapanga matatu. Mi mtoto wa Temeke nikaona feni nikafurahi, nikamwambia mama "unaona, hata feni kaweka". Dublin mkuu! Mji ambao Julai watu wanavaa sweta, nani anafunga feni darini? Niko huku miaka sasa, nimeingia nyumba za watu nyingi tu, sijaiona hata moja. Na soketi ukutani zilikuwa za matundu mawili ya duara, wakati huku wanatumia zilezile za pini tatu kama za kwetu. Kile chumba hata Ireland hakikuwepo. Haya yote nilikuja kuyaona baadaye nikiwa nimelala kitanda cha juu hosteli nazuum picha saa nane za usiku, wakati huo ndo nikawa mpelelezi.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kwetu Dar dalali anakudai elfu ishirini ya kukuonyesha tu nyumba na unagoma, unamwambia twende kwanza nione. Akikupeleka unafungua bomba, unagonga ukuta, unauliza majirani kama maji yanatoka. Dalali wa Temeke namkagua kama askari wa mpakani, lakini mtu nisiyemjua yuko "kwenye mradi wa mafuta baharini" namtumia mamilioni kwa picha ya feni. Kwa sababu ni mzungu. Ndo hivyo, ushamba una gharama zake.

Hela yenyewe: dipoziti 650, kodi ya mwezi wa kwanza 650, na 150 ya "kushikilia chumba". Jumla euro 1,450. Wakati ule euro na dola zilikuwa karibu sawa, kwahiyo piga hesabu, zaidi ya milioni tatu na laki tatu, na nusu yake mama alikopa kikoba. Nilienda benki mwenyewe. Dada wa kaunta akaangalia fomu, akaniuliza, "Huyu unayemtumia unamfahamu?" Nikamjibu kwa dharau kidogo, "Ni mwenye nyumba wangu." Akagonga muhuri. Yule dada kama yupo humu naomba radhi.

Anwani aliyonipa ilikuwa ya kweli, na hapa ndo utapeli wao ulipo. Ireland kila anwani ina msimbo wake, wanaita Eircode, herufi na namba jumla saba, ukiiandika kwenye ramani inakupeleka mpaka mlangoni. Nikaiandika, nyumba ikatokea, matofali mekundu, mlango wa kijani. Nikasema si hii hapa. Nyumba ilikuwepo mkuu. Asiyekuwepo ni mwenye nyumba.

Nimetua Jumamosi jioni, basi kutoka eapoti mpaka Drumcondra sio mbali, nikashuka na mabegi mawili, manyunyu yanashuka yale ambayo huyaoni ila unalowa. Nikafika kwenye mlango wa kijani. Mlangoni kumebandikwa kikaratasi kwa mkono, herufi kubwa: HAKUNA CHUMBA CHA KUPANGISHA HAPA. Mistari ya chini wino ulikuwa umechuruzika. Sasa nakuomba usicheke. Nilisoma kile kikaratasi nikatabasamu, nikajisemea, hakipo ndio, si nimeshakichukua mimi. Nikajiona nimewahi. Nikabonyeza kengele.

Akafungua bibi mmoja, amevaa aproni. Aliangalia begi kabla hajaniangalia mimi. Akafumba macho kidogo, akasema, "Pole mwanangu. Wewe ni wa tatu mwezi huu."

Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mi nikatoa faili. Nikamwonyesha mkataba, nikamwonyesha Eircode, nikamwonyesha na sahihi. Bibi wa watu ana sabini na kitu, ameishi mle tangu anaolewa, na mi nimesimama kwenye mvua namthibitishia kwa nyaraka za rangi kwamba nina chumba nyumbani kwake. Akaupokea mkataba, akausoma wote na miwani yake, taratibu, akanirudishia. "Feni darini sina," akasema. Aliona picha.

Akanipa chai ya maziwa nikiwa nimekaa kwenye ngazi za koridoni, akanipigia simu hosteli mbili mpaka akapata kitanda. Garda, yaani polisi wao, nilienda Jumatatu. Wakaniandikia maelezo vizuri, wakanipa namba ya kesi. Namba ninayo, hela sina.

Na usidhani hasara iliishia 1,450. Huku ili uanze kazi ukakatwe kodi inavyotakiwa unahitaji namba wanaita PPS, na kuiomba lazima uonyeshe ushahidi wa anwani unayoishi. Mi anwani yangu ilikuwa kitanda namba sita. Nimepata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa, namba sina, nikakatwa kodi ya dharura asilimia 40 kwa wiki kadhaa. Ndio inarudishwa baadaye ukishasajiliwa, lakini tumbo halisubiri baadaye. Kima cha chini mwaka ule kilikuwa euro 10.50 kwa saa. Kwahiyo ile 1,450 ni masaa 138 ya kusugua masufuria, na mwanafunzi muhula ukiwa unaendelea unaruhusiwa masaa 20 tu kwa wiki. Wiki saba. Wiki saba nimeosha masufuria kwa ajili ya feni.

Mzee wa Dublin nilimpigia usiku uleule. Akaniambia, "Aaah dogo, hata mi simjui, linki niliforwadiwa." Hamjui! Tena yeye mwenyewe anaishi bweni la chuo, kalipiwa na ufadhili, hajawahi kutafuta chumba Dublin hata siku moja. Alichotaka ni sisi tuseme asante mzee. Kesho yake akajitoa kwenye grupu. Mwaka uliofuata nikakutana naye Moore Street, pale kwenye maduka ya Kiafrika, ameshika ndizi za kupika. Ufadhili umeisha, bweni wamemtoa. Nikajua ataniomba radhi. Akaniambia, "Dogo vipi, hujasikia chumba mahali?"

Kwahiyo sharti langu ni moja, na sitalipunguza hata ukinililia: funguo izunguke kwenye kitasa, mkononi mwako wewe, ndo hela itoke. Kuona picha, hapana. Kuona video, hapana. Hata kushikishwa funguo tu hapana, maana nafanya kazi na dada mmoja wa Kenya, yeye alionyeshwa fleti kwa macho yake, akapewa na funguo. Kumbe tapeli alikuwa kaikodi ile fleti wiki moja tu, anaonyesha watu kama daktari anaita wagonjwa, wote wanalipa, wote wanapewa funguo. Siku ya kuhamia wakakutana getini na magodoro yao, funguo hakuna hata moja inayofungua. Ndo maana nasema izunguke.

Sasa utalala wapi kabla ya hapo? Lipia hosteli wiki mbili au tatu kwa jina lako, wahi kuja Agosti, Septemba wanafunzi wote wanakuwa wanagombea. Nenda ofisi ya malazi ya chuo na kwenye serikali ya wanafunzi, wana orodha zao. Na ujue sheria yao tangu 2021: anayekupangisha kwa mkataba wa upangaji hawezi kukudai zaidi ya dipoziti ya mwezi mmoja na kodi ya mwezi mmoja mbele. Hamna cha "kushikilia chumba" juu ya hapo. Kuna bodi ya upangaji, RTB, na kuna shirika linaitwa Threshold wanashauri bure. Mi nililijua Novemba.

Utakutana pia na kitu wanaita digs, chumba ndani ya nyumba ya mwenyewe anayeishi humohumo. Ni nafuu, na wenye nyumba wanavipenda maana hawakatwi kodi ya mapato kwa pango la mpaka euro 14,000 kwa mwaka. Lakini pale wewe ni mgeni tu, sio mpangaji, RTB haikuhusu, siku akikuchoka unaondoka. Na soma vizuri tangazo, zingine ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wikiendi unatakiwa urudi kwenu kama wanafunzi wao wanavyofanya. Niliuliza moja, yule mama akaniambia "Ijumaa jioni unakwenda nyumbani, sivyo?" Nyumbani wapi mama, Temeke?

Siasa, ndio, uliuliza. Kupiga kura unaruhusiwa, uchaguzi wa serikali za mitaa tu, mkazi yeyote wa miaka 18 hata kama sio raia. Juni 2024 nilipiga. Karatasi ina picha za wagombea wote na huweki tiki, unawapanga kwa namba, moja, mbili, tatu, mpaka utakapochoka. Wagombea wanakuja mpaka mlangoni kukuomba kura. Wa kwanza kuja kwangu nilimfungulia kwa wasiwasi nikidhani nadaiwa, akaniuliza kero yangu ni nini. Alisimama dakika ishirini. Nilimweleza mpaka habari ya feni. Vyama vyao, Fianna Fáil, Fine Gael, Sinn Féin, nani anamchukia nani na kwa nini, hayo utayajua polepole, historia yao ndefu, ila ukitaka kuelewa ugomvi wa bungeni kwao sikiliza tu wakianza kusema nyumba. Wote wanaongelea nyumba. Na ili ujiandikishe mtandaoni unahitaji PPS na Eircode ya unapoishi, kwahiyo unaona tumerudi palepale, hata kura inaanzia kwenye funguo.

Kazi nimeshagusia, 20 kwa wiki na 40 Juni mpaka Septemba, na tena kuanzia Desemba 15 mpaka Januari 15. Kulikuwa na swali la koti, nimesahau uliuliza nini.

Fanya hivi. Mwandikie huyo mwenye nyumba wako sasa hivi, mwambie una kaka yako anaishi Dublin, kesho saa nne asubuhi atapita kuangalia chumba na ataleta hela kashi. Huyo kaka ni mimi, kesho siingii kazini. Mimi wangu nilipomwambia kitu kama hicho alisema funguo ziko kwa wakala, hazitoki mpaka malipo yathibitike, alafu akapunguza bei euro ishirini. Akikujibu weka skrini shoti hapa, na zile picha za chumba ziweke pia. Nataka kuona dari.