Mpeleke Mwanao Mikumi, Kisha Mrudishe Tena

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Kibaha aliniandikia ujumbe mrefu. Ana watoto wawili, gari dogo wanalo, na kila likizo ya Juni ikikaribia yeye na mumewe wanarudia mazungumzo yale yale: hifadhi ni za wazungu, Serengeti ni mbali, watoto watachoka, na ndugu watasemaje. Akamalizia kwa kuuliza, "Dada, ninyi mlianzaje? Na mdogo wangu wa miaka minne naye tumpeleke?"

Hilo la ndugu limenigusa, kwa hiyo naanza nalo. Mwaka ule tulipoanza, wifi yangu mkubwa alisema mezani siku ya Pasaka, wageni wakisikia: "Wenzenu wananunua viwanja, ninyi mnatoa hela kwenda kuangalia nyani." Watu walicheka. Mume wangu alicheka nao kwa adabu, mimi nikaondoka kwenda jikoni. Imepita miaka mingi na bado nikikumbuka moyo unachoma. Basi mama wa Kibaha, ndugu watasema. Waache waseme. Kiwanja kinaweza kusubiri mwaka mmoja, lakini mtoto wa miaka tisa mwakani ana kumi, na kuna mambo ambayo macho ya miaka tisa huyaona na ya kumi na tano hayayaoni tena.

Sisi tulianzia Mikumi. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Pwani sioni sababu ya kuanzia kwingine. Barabara ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na Watanzania wengi wamemwona twiga wao wa kwanza kupitia dirisha la basi pale, basi likirukaruka kwenye matuta. Hapo ndipo wengi wanapoishia. Wanasema Mikumi wanaijua. Ndugu yangu, kupita si kufika. Ukishaingia getini na kuelekea uwanda wa Mkata, kelele za malori zikapotea, ndipo utajua kwamba ulikuwa hujaenda.

Siku ile ya kwanza hatukumwona simba. Tulikaa kwenye bwawa la viboko mpaka jua likawa kali. Mwanangu wa kiume alitaka kujua kwa nini ngozi ya kiboko inaonekana nyekundu kama inatoka damu, na askari wa hifadhi aliyekuwa pale akamweleza kwa subira kwamba ni ute unaotoka mwilini, unaoikinga ngozi na jua. Dada yake yeye alikuwa ameshika daftari, anachora mbawakawa aliyekuwa akiviringisha donge la mavi ya tembo kinyumenyume. Hakuinua kichwa hata nyumbu walipopita. Nilitaka kumwambia aangalie wanyama wakubwa, mume wangu akanishika mkono. Tukamwacha.

Ushauri wangu mkubwa ndio huo, na nitaurudia: kaeni mahali pamoja. Zimeni injini. Tulieni.

Baadaye, fedha zilipokaa vizuri, tulifika Serengeti. Tulikodi gari lenye dereva, na kuanzia asubuhi dereva yule alikuwa na sikio moja kwenye redio. Kule Seronera, katikati ya hifadhi, madereva huambiana chui yuko mti gani, na kufumba na kufumbua magari yote yanakimbilia hapo. Sisi tulikuwa na familia ya tembo karibu na njia: bibi mkubwa mbele, mabinti na wajukuu nyuma, na kachanga kamoja kanakojikwaa kwenye mkonga wake. Dereva akasema twende, chui atashuka. Nikamwomba tubaki. Akanuna, akaniambia, "Mama, watu wanalipa hela nyingi kumwona chui." Nikamjibu kwamba hela ni zetu na watoto ni wetu. Tukabaki. Watoto wakajifunza kwa macho yao kwamba kundi la tembo huongozwa na jike mzee, kwamba madume wakibalehe huondoka, na kwamba mtoto akikwama wanaogeuka kumsaidia si mama yake peke yake. Chui hatukumwona. Dereva hakutusemesha mpaka jioni. Sijutii hata dakika moja.

Wazazi wenzangu, tunawaharibu watoto wetu kwa haraka. Tunawafundisha kwamba safari ni orodha ya kuweka tiki: simba tayari, tembo tayari, piga picha, twende. Mtoto akirudi nyumbani ana picha mia kwenye simu na hawezi kukuambia pofu, yule swala mkubwa, anafananaje. Binti yangu leo anatofautisha ndege aina ya keremkerem waishio hapa mwaka mzima na wale wanaotoka Ulaya kukimbia baridi, kwa sababu tumerudi Mikumi kiangazi na tumerudi mwisho wa mwaka ndege wageni wakiwa wamefika. Mwezi uliopita mwalimu wake wa sayansi alimsimamisha mbele ya darasa aeleze habari za tembo. Alieleza kwamba mimba yao hudumu miezi 22, na kwamba nchi yetu ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja mwaka 2009, lakini hesabu ya 2014 ikakuta takriban 43,000 tu, wengine wakiwa wameuawa kwa ajili ya meno yao. Kisha akawaambia wenzake kwamba tembo wa Mikumi hawajui mpaka, wanavuka kwenda Hifadhi ya Nyerere na kurudi. Mwalimu alinipigia simu kunipongeza. Natamani wifi yangu angekuwepo.

Mambo ya maandalizi nitayasema kwa kifupi. Chukueni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, ila lazima uthibitishe uraia. Malipo hayafanywi kwa noti mkononi. Utapewa kumbukumbu namba na kulipa kwa simu, benki au kadi, hivyo hakikisha salio lipo. Muwe getini saa 12 asubuhi. Msivae nguo nyeusi wala za bluu iliyokoza, maana mbung'o wanazipenda, na mbung'o wa Mikumi wanauma hata juu ya shati. Gari dogo lisijaribu njia za ndani wakati wa masika. Udongo mweusi ukilowa unameza matairi. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi imekauka na wanyama hukusanyika penye maji, kwa hiyo msihangaike kuzunguka. Nendeni majini, zimeni injini, tulieni. Asiye na gari apande treni ya SGR hadi Morogoro, kisha akodi gari pale na familia nyingine mchangiane.

Mkishaizoea Mikumi, songeni hadi Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Kutoka Mikumi mjini mnashika barabara ya Ifakara, mnapita mashamba ya miwa ya Kilombero, mnafika Mang'ula. Kule hakuna kuzunguka na gari, ni miguu na mwongozaji. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170, na njiani mkiwa wapole mtamsikia mbega mwekundu juu ya miti. Yupo pia mangabei wa Sanje, aina ya kima, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hiyo. Nilipomwambia mwanangu hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yaani mtoto wa Marekani akitaka kumwona lazima aje kwetu?" Lazima aje kwetu, mwanangu. Na wewe unayeishi hapa hapa usipokwenda, unamwachia nani?

Sasa lile swali lako la mwisho, mama wa Kibaha, kuhusu mdogo mwenye miaka minne. Mpeleke. Walio chini ya miaka mitano hawatozwi kiingilio. Mbebee maji, matunda na kofia, na akisinzia mchana mwacheni alale, kwa sababu hata simba wanalala saa hizo. Ila Sanje imsubiri akue kidogo. Njia ina mawe na mwinuko mkali, na kumbeba mtoto mgongoni hadi juu si mchezo. Mwaka huu mpeleke Mikumi, na mwakani mrudishe Mikumi.