Usije Kampala kujificha

Kijana mmoja wa nyumbani, Bukoba, ameniandikia na kuniruhusu nimjibu mbele za watu, kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza. Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao. Alichukua fedha za wanachama bila kuwaambia, akazibetia, zikaisha zote. Sasa anasema: “Kaka, nimekosa, najuta. Nataka kuja Kampala nianze upya, niwe mtu mwingine.”

Mdogo wangu, majuto yako nayaamini. Asiyejuta haandiki ujumbe mrefu vile saa nane za usiku. Ila angalia ulikoyapeleka. Umeungama kwangu, niliye kilomita kama 300 kutoka hapo, na hunidai wala sikudai. Wale akina mama waliokuwa wakikuletea elfu mbili mbili kila wiki bado wanaambiwa daftari limepotea.

Hapa hakuna anayekujua. Najua ndilo linalokuvutia, na ndilo ninalolihofia. Huku Ndeeba nyumba za kubeti zipo, na hakuna mjomba atakayepita akuone ukiingia.

Chumba cha jirani yangu anaishi kijana wa Geita aliyekuja ili aache pombe. Waragi inauzwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Alijizuia mpaka siku aliposhika malipo ya kwanza. Kilichomgeuza ni siku alipomfuata mzee wa karakana yetu ya useremala, msasa bado mkononi, akamwambia: “Mzee, Jumamosi usinipe pesa. Nikizishika, Jumatatu hutaniona.” Akayarudia yote kwa Kiganda chake cha kuokoteza, ili mzee asije akasema hakuelewa. Tangu hapo nusu ya malipo yake inatumwa kwa simu, moja kwa moja kwa mama yake. Mwanzoni alikuwa akinuna kila ujumbe wa simu ulipoingia. Siku hizi anauliza mwenyewe kama imeshakwenda. Namheshimu sana kijana yule.

Kazi yenyewe utaanzia chini: kupiga msasa, kubeba mbao za mvule na musizi, kufagia maranda. Randa hutaishika mapema. Mchana ni posho, yaani ugali, na maharage.

Na usitegemee Kiswahili peke yake. Kweli, mwaka 2022 serikali ya huku ilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini karakana na soko vinaongea Kiganda, na wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili wanawakumbuka wanajeshi wa enzi za Amin. Nina mteja wa umri wa mama yangu, hanijibu mpaka nimsalimu kwa Kiganda, nimepiga magoti kidogo, ndipo aseme anataka kitanda cha namna gani. Simlaumu hata kidogo. Utakosea maneno mbele ya watoto, watakusahihisha, utarudia. Kama kusahihishwa kunakuuma, huku utateseka.

Kwa hiyo nakuomba, subiri siku ya kikao cha kikoba, uende. Taja kiasi chote, hata kile wasichokijua. Watakufokea, na huenda wakakupeleka serikali ya mtaa. Nenda nao. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti utalipa kiasi gani kila mwezi, na uwaambie wazi unataka kuja huku kutafuta. Wakiridhia, tengeneza pasi. Pale mpakani Mutukula watakugongea muhuri wa mgeni, na huo si kibali cha kazi. Hilo la kibali tutalifuatilia mapema, sitaki uishi kwa kukimbia watu tena.

Nauli nitatuma mimi. Mzee wa karakana nimeshamweleza kwamba kuna kijana anaweza kuja, ana deni, na sehemu ya malipo yake itakuwa inakwenda kwa mweka hazina mpya kila mwisho wa mwezi. Amesema nafasi ipo.