Muulize Bibi Muuguzi: Nimepewa miadi ya kunyooshwa mgongo, naogopa

Shikamoo Bibi Muuguzi. Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Huu mwezi wa tatu kiuno kinaniuma, nikiinuka kitini natembea nimepinda kama ndoano. Rafiki yangu ameniwekea miadi kwa kairopraktika, yule mtu anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono, lakini nimetazama video za watu wakigeuzwa shingo na ule mlio umeninyima usingizi. Je, inauma? Nitavuliwa nguo? Na huyo mtu ni daktari kweli?
Kiuno Kizito

Marahaba, mwanangu. Mlio huo hata mimi niliuogopa, na wakati huo nilishafanya kazi wodi ya mifupa miaka kumi na tisa. Nililala kifudifudi, uso nimeutia kwenye tundu la kitanda, pumzi nimeibana kama mtoto anayesubiri sindano. Kumbe hakuna mfupa unaovunjika. Ndani ya kiungo mna ute wa kukilainisha, kikivutwa ghafla, shinikizo hushuka, kiputo cha gesi kikajitokeza kwenye ute, nawe ukasikia "ta!" Ni kama unapoalisha vidole. Kiungo kisipolia si kwamba hukutibiwa, na kikilia mara tatu usidhani umepona mara tatu.

Pale kitandani wengi hawasikii maumivu makubwa. Ngoja kesho yake! Niliamka kama niliyelima tangu alfajiri. Misuli kuuma, uchovu, pengine na kichwa kidogo, kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Nguo vaa za kulegea. Ukiambiwa uvue na hutaki, sema hutaki.

Kairopraktika amesomea fani yake chuoni kwa miaka, ila si sawa na daktari wa hospitali: hapasui, na kwa kawaida haandiki dawa. Tiba hii aliianzisha Daniel David Palmer mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, nchini Marekani. Alidai kwamba alimrudishia usikivu mfanya usafi mmoja, Harvey Lillard, kwa kumsukuma pingili za mgongo, na akaamini karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili zilizokaa upande. Hapo tunaachana. Kwa kiuno nakubali: mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilitaja kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya vidonge. Nafuu yake ni ya kiasi, haipiti sana ile ya mazoezi. Lakini mtu akikuahidi kuondoa pumu au kisukari kwa kukubonyeza mgongo, vaa viatu vyako.

Mimi wa kwanza niliyemwendea nilimkimbia. Alinipiga eksirei, ambayo maumivu ya kawaida ya kiuno hayaihitaji, akaniwekea mezani mkataba wa kulipia vipindi thelathini kwa mkupuo, kisha akanielekeza kitandani. Hakuuliza nakunywa dawa gani. Nilikuwa nakunywa ya kuzuia damu kuganda! Nikashuka. Wa pili alinihoji kwa zaidi ya nusu saa kabla ya kunigusa: umewahi kuanguka, umewahi kuugua saratani, mifupa yako imedhoofika, umepungua uzito bila sababu, una homa, una baridi yabisi? Akanigonga magoti kwa kinyundo, akanitembeza kwa visigino. Huyo ndiye nilimpa mgongo wangu.

Shingo uiulizie peke yake. Ni mara chache sana, lakini imetokea mshipa wa damu wa shingo kuchanika baada ya kugeuzwa kwa nguvu, mtu akapata kiharusi. Wewe unaumwa kiuno. Akiishika shingo, muulize inahusikaje. Akikasirika kwa swali hilo, jibu umeshalipata.

Kuna hali ambayo miadi hiyo hutaisubiri. Ukifa ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, mkojo ukikataa kutoka au ukikutoka bila habari, au mguu ukilegea, nenda hospitali usiku huohuo.

Ukikubali kutibiwa, lipa kipindi kimoja kimoja. Baada ya wiki nne hivi mkae mhesabu: unainama zaidi kuliko mwanzo? Unalala? Kama hakuna kilichobadilika, hakuna sababu ya kuendelea. Na asiyekupa zoezi la kufanya nyumbani anakutaka urudi tu. Hicho kiti chako nacho kiache kila baada ya nusu saa, utembee hata hadi mlangoni.

Majina ya dawa zako yaandike kwenye karatasi leo, maana ukishalala kifudifudi hutayakumbuka.