Jibu kwa daktari wa Lamu: usiugandishe huo mkojo

Yakhe, simama hapo hapo. Umeuliza uanze na ubingwa wa figo au PhD, nani atakufadhili, na kama Lamu ina wagonjwa wa kutosha. Mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho: utakusanya mikojo ya wagonjwa wa sukari, uitie kwenye friza ya zahanati, uipime yote mwakani kwa pamoja maana bei ya jumla ni nafuu. Usithubutu!

Hapa Malindi nilifanya vivyo hivyo. Bingwa mmoja, vyeti ukuta mzima, aliniambia, "Baridi ni baridi, kijana." Nikamwamini, mimi nani? Friza yenyewe ilikuwa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kama ya kuwekea samaki. Albumini, ile protini ya damu tunayoitafuta kwenye mkojo, haiwezani na baridi hiyo. Hugandana ikajitenga; ukiyeyusha unaona vichembe vyeupe vimetuama chini ya kichupa, na mashine yapima maji ya juu. Hasara huangukia palepale unapopatafuta: kati ya miligramu 30 na 300 za albumini kwa gramu ya kreatinini (taka ya misuli itokayo na mkojo), figo zimeanza kuvuja lakini kipimo cha damu bado kizuri. Mogensen, daktari wa kisukari wa Denmark, alishaonyesha 1984 kwamba uvujaji huo mdogo hutangulia ule mkubwa. Matokeo yangu yakasema watu wa Malindi wana figo za chuma. Nikafurahi, tena nikayapeleka kwenye kikao! Mtu mmoja wa nyuma akauliza tu, "Friza ya nyuzi ngapi?"

Kazi yote ikazama. Huwezi kurudi kwa mama wa Shela, ya hapa Malindi, ukamwambia nipe mkojo wako wa mwaka jana. (Alishanitania zamani: "Daktari mzima waokota mikojo, ndiyo ulosomea?") Wengine walikuwa wameshaanzishiwa enalapril, dawa ya presha, na dawa hiyo yenyewe hupunguza albumini, kwa hiyo mkojo mpya haulingani na wa zamani. Na bingwa wangu? Eti "alishauri kwa ujumla." Kwenye maombi ya pesa jina lake lilikuwa la kwanza, kwenye hasara sikuliona.

Pima mkojo mbichi. Ule wa kwanza wa asubuhi, kwenye friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8, upimwe kabla ya siku 7 kwisha. Ukivuka nao kwa boti hadi Mokowe, huko bara, tia kwenye kisanduku cha barafu, lakini chupa zisigusane na barafu. Ikibidi kuweka muda mrefu, tafuta friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta, maana stima ya kwetu waijua. Na usimwite mtu mgonjwa wa figo kwa kichupa kimoja: homa tu, au maambukizi ya njia ya mkojo, hupandisha albumini. Rudia, mpaka miezi 3 ipite na bado ipo.

Mtu wa maabara mwandike kwenye bajeti kabla ya posho yako ya safari.