Shahada ya Kemia na Akiba ya Mstaafu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na kwa kuwa alama zake hazikufikia za udaktari ameomba kusoma shahada ya kemia ya miaka mitatu. Mimi ni mstaafu, ninaishi Makorora hapa Tanga. Akiba niliyobaki nayo inatosha ama kumsomesha, ama kununua bajaji ambayo kaka yake angeiendesha na kuniletea hesabu kila jioni. Majirani wananiambia kwamba bomba la mafuta linaloishia Chongoleani litawachukua wakemia wote wa mkoa huu. Naomba mnijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: fedha nitakayoiweka kwenye kemia itarudi? (Mzazi, Makorora)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Inaweza kurudi, ila itachelewa, na kuchelewa huko ndiko unakopaswa kukuwekea bajeti kuliko hata ada.

Tuanze na hilo bomba, maana limewapa wengi matumaini makubwa kuliko kazi zilizomo. Ni bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na mafuta yake ghafi yana nta nyingi, ndiyo maana hulazimu kupashwa moto njiani yasigande. Lakini Chongoleani ni mahali pa kuyahifadhi na kuyapakia melini. Si kiwanda cha kuyasafisha. Kazi ya kemia katika kituo cha namna hiyo ni kupima sampuli na kuthibitisha ubora wa shehena, na watu wachache wanaopokezana zamu huitosheleza. Akipata nafasi huko, alhamdulillahi, lakini asichague masomo kwa ajili hiyo.

Kazi zilizo karibu zaidi ziko kwenye saruji na chokaa upande wa Pongwe na Maweni, kwenye usindikaji wa maziwa, na kwenye maabara za maji. Chukua saruji. Jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, likaunguzwa katika tanuru kwa joto linalokaribia nyuzi 1,450 za Selsiasi, likatoka klinka, yaani vigololi vya rangi ya kijivu ambavyo baadaye husagwa pamoja na jasi. Mkemia wa zamu huchukua sampuli ya klinka hiyo na kupima chokaa ambayo haikuungana na madini mengine. Ikizidi, saruji itaumuka taratibu ukuta ukiwa umeshakauka, na nyufa zitaonekana wakati mwenye nyumba ameshapaka rangi. Kiwanda humlipa mkemia kwa sababu ya hasara anayoizuia kabla mfuko haujashonwa.

Hata hivyo, kupima kwenyewe mara nyingi hakuhitaji shahada. Pale kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mtu huchanganya maziwa na spiriti kwa vipimo sawa ndani ya kichupa, na yakikatika huyarudisha, kwa kuwa hayatastahimili joto la mtamboni. Kijana mwenye cheti au stashahada huifanya kazi hiyo vizuri sana, na mwajiri anajua kwamba mshahara wake ni mdogo. Kwa hiyo binti yako atashindana na hao mwanzoni, na atawapita pale tu atakapoweza kueleza kwa nini vipimo vya wiki hii vimeyumba na nini kirekebishwe. Ujuzi huo hupatikana kwa kuishika mitambo ya maabara kwa mikono yake mwenyewe. Mafunzo ya vitendo wakati wa likizo, ambayo wanafunzi wengi huyafanya ilimradi wapate muhuri, mwambie ayapiganie.

Sasa mfuko wenyewe. Tuchukue mfano, wala si ahadi, wa mshahara wa Sh 800,000 katika kampuni binafsi. Hifadhi ya jamii itakata asilimia 10, yaani Sh 80,000. Kodi ya mapato kwenye Sh 720,000 zinazobaki ni Sh 60,000. Na kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani Sh 120,000. Mkononi zinabaki Sh 540,000 kabla ya pango na nauli. Bajaji yenye dereva mwaminifu huenda ikaishinda fedha hiyo katika miaka ya mwanzo, nami sioni sababu ya kukuficha. Ila bajaji huchakaa kila siku inapotoka, wakati mkemia wa mwaka wa 8 kazini ana thamani kuliko alivyokuwa mwaka wa kwanza.

Ikiwa binti ana moyo wa kufundisha, aangalie pia shahada ya sayansi pamoja na ualimu. Uhaba wa walimu wa sayansi haujaisha, na mwalimu wa kemia ana mahali pa kuombea kazi hata katika wilaya isiyo na kiwanda chochote. Akibaki kwenye kemia yenyewe, ajue kwamba taaluma hiyo ina sheria yake ya mwaka 2016 inayomtaka asajiliwe, na usajili huo una gharama.

Kwa hiyo ningekushauri aombe mkopo kwanza, tena kwa ukamilifu, kwa sababu tangu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021, deni haliongezeki tena kila mwaka kama zamani. Akiba yako usiimalize chuoni. Itunze kwa ajili ya miezi ile baada ya mahafali, atakapohitaji nauli ya kwenda kwenye usaili Dar es Salaam, ada ya usajili, na pengine chakula na chumba wakati anajitolea katika maabara fulani kwa posho isiyotosha. Kuhusu bajaji, kaka yake aanze kwa kuendesha ya mtu.