Re: Raba chini ya ghorofa si zitazidisha kuyumba?

Mkuu, kwa hizi raba zinazowekwa kati ya msingi na jengo kulikinga na tetemeko la ardhi, kuyumba ndo lengo lenyewe, ila jengo liyumbe polepole na lote kwa pamoja. Zile raba ndani zina bati za chuma zimepangwa tabaka tabaka na katikati kuna madini ya risasi (lead) ya kumeza nguvu ya tetemeko, sasa ardhi inatikisika haraka huku jengo linajivuta taratibu, kwenda na kurudi sekunde 2 au 3 hivi. Hospitali ya USC (chuo kikuu kimoja Marekani) pale Los Angeles ilikuwa nazo wakati wa tetemeko la Northridge 1994, ikaendelea na kazi. Ila acha nafasi pembeni jengo lisogee, na mabomba yawe ya kupinda (hapa ndo wengi wanachemka). Ghorofa ndefu sana au udongo laini sikushauri, vyote tayari vinayumba taratibu, utazidisha tu.