Kabla hujahamia Linux, tazama faili unazotumiwa

Wanaotaka kuacha Windows na kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, karibu wote huanza kwa kuuliza kama programu zipo. Zipo. Ofisini kuna LibreOffice, kwa picha kuna GIMP, kwa michoro kuna Inkscape, na Blender, ya michoro ya 3D, haina haja ya kutetewa. Swali litakalokusaidia zaidi ni hili: nani anakutumia kazi, na anataka umrudishie faili ya aina gani?

Ukiandika mwenyewe na kutoa PDF mwenyewe, hutapungukiwa na kitu. Shida inaanza pale hati ya docx inapozunguka kati yako na mtu wa Microsoft Word, imejaa majedwali na masahihisho ya pembeni. Jedwali linaruka ukurasa, vichwa vya habari vinahama, na lawama unabeba wewe. Mara nyingi chanzo ni fonti tu. Sakinisha fonti za Carlito na Caladea: herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Liberation Sans hufanya hivyo kwa Arial. Hilo ulifanye siku ya kwanza, kabla hata ya kubadilisha picha ya skrini.

Zipo programu ambazo hakuna ujanja wa fonti utakaozileta. Photoshop ya picha na AutoCAD ya michoro ya ufundi hazina toleo la Linux. Usikae ukisubiri, maana gharama ya kampuni haiishii kwenye kuandika programu. Kuna kuijaribu kila toleo na kumjibu kila mteja, na wateja wenyewe ni wachache.

Wine, mradi ulioanza 1993, huendesha programu nyingi za Windows ndani ya Linux, hasa za zamani. Zile zinazokagua leseni mtandaoni kila mara husumbua. Kwa michezo, Proton, zana ya mwaka 2018 ya kampuni ya Valve iliyojengwa juu ya Wine, imebadilisha hali sana, ila baadhi ya michezo ya mashindano bado inakukatalia kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya udanganyifu. (Njia hii ina mtego wake wa kale: OS/2, mfumo wa kompyuta wa IBM wa zamani, iliendesha programu za Windows vizuri kiasi kwamba watengenezaji hawakuona sababu ya kuiandikia zake.) Mashine pepe ya VirtualBox, yaani Windows nzima inayoendeshwa kama programu ndani ya Linux, ni ya uhakika zaidi kwa kazi za ofisi, mradi uwe na leseni ya Windows na RAM ya kutosha, GB 8 utazihisi zinabana.

Kwa hiyo usifute Windows bado. Iache kwenye sehemu yake ya diski, ufanye kazi moja ya kweli upande wa Linux tangu kupokea faili hadi mteja aipokee na kuikubali. Printa na skana zijaribu wiki hiyohiyo.